Barua kwa mwanangu aliyeuliza kuhusu mwaka wa mbaazi

Mbukwa, mama.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne, ya mwisho nikiwa chini ya mwembe ili kaka zako wasinikatize. Sekunde hamsini, na ndani yake umenipakia maswali kama gunia la rumbesa. Mimi siwezi kujibu kwa sekunde, unanijua. Nimechukua daftari, na Yona atazipiga picha hizi kurasa akutumie. Ukiona doa, ni chai.

Umeuliza hivi: "Baba, mkulima wa hapo Kongwa akiamua apande nini, anaangalia nini kwanza, bei ya mwaka jana, mvua, au jirani? Nipe kanuni tatu fupi nizitie kwenye kompyuta. Nataka nianze na mwaka ule tulipolima mbaazi." Halafu ukanieleza tena hiyo kazi yako ya uzamili: unaumba kijiji cha watu elfu moja ndani ya mashine, kila mmoja na shamba lake, deni lake na woga wake, unawaacha waamue wenyewe msimu hadi msimu, kisha unatazama bei inakwenda wapi bila wewe kuipangia. Watu hao unawaita mawakala. Nisamehe, mimi nikisikia wakala namwona yule dada wa kibandani pale stendi anayesema hana salio. Niruhusu niwaite watu.

Kanuni ninayo moja tu, umeisikia tangu ukibebwa mgongoni: watu hawafuati bei, wanafuatana. Mama yako ameguna hapa. Anasema baada ya miaka yote hii ningetafuta nyingine.

Kwanza nikwambie, zile sarafu za Schelling ulizonisimulia Krismasi nimezijaribu. Yule mchumi Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1971 jinsi mitaa ya watu inavyogawanyika, akaja kupewa Nobeli ya uchumi 2005. Sarafu za kuchezea sina, nikachukua ubao wa drafti na vizibo vya soda, 22 vya Fanta na 22 vya Coca, nikavimwaga ovyo ovyo na kuacha vyumba 20 vitupu. Sharti lile lile ulilonipa: kizibo kinatulia kikiwa na theluthi moja tu ya majirani wa aina yake, kikikosa hiyo kinahamia chumba kitupu. Theluthi, mama! Hicho ni kizibo kisicho na ubaya na mtu. Tukasogeza, mimi na Yona, mpaka chai ikapoa. Mwishowe Fanta wamejazana kona moja, Coca kona nyingine, katikati kama mto umepita. Yona akauliza, "Babu, nani kawatenga?" Nikamwambia hakuna. Hakuridhika. Akasema, "Basi ni wewe, si ndiye uliyekuwa unavisogeza?"

Nilicheka, lakini usiku nilikosa usingizi. Nitakwambia kwa nini.

Kwa jambo moja nakusifu: hukuniuliza habari za mkulima wa wastani. Nimezunguka kata hii kama bwana shamba, na pikipiki ya ofisi, miaka 26 na huyo mtu sijamkuta. Nimemkuta mjane wa ekari mbili mwenye deni la ada. Nimemkuta kijana anayelima kwa sababu tu amekosa nauli ya Dar. Wastani ndio uliowaponza wale Waingereza wa mashamba ya karanga. Babu yako alikuwa utingo wa trekta pale, na mpaka anakufa alisimulia vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta vikihangaika na mibuyu. Serikali ya Uingereza ilipanga kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, ikaanzia hapa kwetu 1947, na mwanzoni mwa 1951 ikanyanyua mikono, pauni milioni 36 zimekwenda. Mvua ya Kongwa nimeipima kwa mkono wangu kwenye kile kipima mvua nyuma ya ofisi ya kata. Inaweza kumwaga siku tano kama imetumwa, kisha ikanyamaza mwezi, udongo ukawa tofali na karanga zimo ndani. Ukiijumlisha ukaigawa, kwenye karatasi inapendeza.

Haya, mbaazi.

Novemba 2016 aliyeitisha mkutano chini ya mbuyu wa shule ni mimi. Walanguzi walikuwa wanaifuata mbaazi mpaka shambani, na kilo hapa kwetu ilishapita shilingi 1,500. Nikawaambia wachanganye na mahindi, kwamba mizizi yake inashuka chini kujitafutia maji, kwamba mahindi yakikauka yenyewe bado kijani, kwamba India wanaila kila siku. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Mpaka leo ni kweli, na hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa nimedanganya ningeshatubu nikasahau.

Kila aliyechukua mbegu nilimwandika kwenye lile daftari la kava la kijani. Wiki ya kwanza watu watatu, wale wale wanaojaribu kila kitu. Wiki ya pili hakuna. Wiki ya tatu akaja mzee wa kanisa, yule wa ng'ombe wengi, akachukua kilo nne na kuzifunga kwenye leso. Baada yake, ndani ya siku nne, kaya 28. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza bei. Waliuliza, "Na mzee kachukua?"

Umeona sasa? Watu hawafuati bei, wanafuatana. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za Granovetter, yule mwanasosholojia aliyeandika 1978 kwamba kila mtu ana idadi yake: mmoja anaingia kwenye vurugu bila kumwona mtu, mwingine mpaka aone wawili, mwingine mpaka hamsini, na ukimbadilisha mmoja tu pale mwanzoni, vurugu nzima inazimika. Yule mzee wiki hiyo alikuwa aende Mpwapwa msibani. Gari liliharibika, akabaki. Mimi nalifikiria sana hilo gari.

Lakini ngoja, nijibishane na nafsi yangu. Kama wanafuatana tu, mbona wale watatu wa mwanzo? Na mbona misimu ya nyuma, bei ikiwa chini, mzee huyo huyo hakugusa mbegu? Bei ilikuwepo basi, imekaa nyuma ya mlango. Labda bei inafungua mlango na jirani ndiye anayekusukuma uingie. Hiyo iandike kama kanuni ya pili ukitaka, ingawa siipendi kama ya kwanza.

Yaliyofuata unayajua. Agosti 2017, maganda yanakauka shambani, India ikaweka ukomo: tani 200,000 tu za mbaazi ziingie kutoka nje kwa mwaka. Mwezi wa tisa nilikwenda soko la Kibaigwa na magunia ya watu sita kwenye fuso moja. Dalali hakuchomeka hata bambo la kuchungulia punje. Alilipapasa gunia kwa nje, kama mtu anayempapasa mgonjwa, akasema, "Bwana shamba, rudi na mzigo wako, utaokoa ushuru." Tuliporudi kilo ilikuwa shilingi mia mbili na ushee, na mnunuzi wa kumtafuta kwa tochi.

Miaka mingi nilijiambia ni India. Kisha mwaka juzi ukanisomea ile habari, tukiwa tunasubiri daladala, kwamba kule nako 2015 mvua iligoma, mbaazi ikawa dhahabu, na msimu uliofuata wakulima wao wakaipanda wote kwa mkupuo, ghala zikafurika, ndipo serikali yao ikafunga mlango. Nilikaa kimya njia nzima, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nawaza kwamba kule nako palikuwa na mbuyu, na mzee wa ng'ombe wengi, na mtu mwenye daftari. Ni kijiji kimoja, mama, ila kimetandikwa mpaka ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo nakuuliza: kwenye kompyuta yako, India iko wapi? Ukiwaweka watu wako elfu moja peke yao, mlango utafungwa na nani? Na ukiweka India kama namba moja tu inayodondoka kutoka mbinguni mwezi Agosti, utakuwa umeandika kile kile nilichojidanganya nacho miaka yote.

Sasa lile neno lako, "mwaka ule tulipolima mbaazi".

Hatukulima, mama. Zile ekari zetu mbili za kule mlimani nilipanda mtama, kama kila mwaka. Nilijiambia nina mshahara, mbegu ziende kwa wenye shida. Inawezekana ilikuwa hivyo. Inawezekana pia kuna kitu ndani yangu kilikuwa hakijaamua, na kiliuacha mdomo uende mbele peke yake.

Zile mbaazi tulizokula mpaka Pasaka, wewe ukiwa nyumbani baada ya mtihani wa kidato cha nne, ukafika mahali unaziondoa mojamoja pembeni ya sahani, zililetwa. Asubuhi unafungua mlango unakuta debe kibarazani, hakuna aliyebisha hodi. Leo debe, keshokutwa ndoo. Mama yako anasema ulikuwa ukarimu: watu wamejaza mpaka uvunguni, wampe nani kama si mtu wao? Ushahidi wake ni kwamba zilikuwa zimepepetwa, huoni hata jiwe. Mtu mwenye hasira, anasema, hapepeti. Mimi nasema mtu anaweza kupepeta vizuri sana akiwa na hasira. Tumebishana hivyo tangu 2017 na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ndiyo maana neno la Yona lilininyima usingizi. Kwenye vijiji vyenu vya kompyuta naona mkulima, naona mnunuzi, naona mvua. Simwoni mtu mwenye pikipiki anayepita kwa kila kaya akisema jambo moja lile lile. Mwongeze. Umpe mshahara usiotegemea mvua.

Mwishoni, kwa sauti ya chini, ulisema mwalimu wako anatamani matokeo yapelekwe kwa mabwana shamba na mabibi shamba wawaambie watu msimu ujao wapande nini. Hukuniuliza naonaje. Nilikuwa nimeandika sentensi moja hapa, mama yako akasoma begani kwangu akasema, "Mtoto hakuuliza hilo." Nimeifuta, utaona karatasi imetoboka. Nikukumbushe tu kisa chako mwenyewe, cha yule mchumi Arthur na baa ya El Farol, 1994: watu mia, baa ikipita sitini inakera, na wote wakiamini utabiri mmoja kwamba leo itakuwa tupu, wanakwenda wote na utabiri unakufa hapo hapo. Nimeishia hapo. Sijasema kitu. Lakini kata moja, mashine moja, jibu moja kwa kaya zote... Basi, nimenyamaza.

Huenda wewe utafanya vizuri kuliko mimi. Kwenye mashine yako unaweza kuurudisha mwaka nyuma ukaujaribu mara mia, mzee akiwa kabaki, mzee akiwa kaenda Mpwapwa. Mimi 2016 niliupata mara moja.

Daftari la kijani nimempa kondakta wa basi la asubuhi, lifuate stendi ya Nanenane kabla ya saa nane. Tarehe zote zimo na kilo zimo. Majina usiyaandike popote, weka namba kwa utaratibu waliochukua mbegu. Mzee wa kanisa ni namba 4. Mama yako mdogo ni namba 19, na hajui kwamba nakutumia.

Mimi simo kwenye orodha. Niongeze mwenyewe chini kabisa, namba 33: ekari mbili, mtama.

Baba yako