Nilimeza dawa ya kichocho usiku uleule. Mbona naumwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya Mwanza ya kampuni moja ya kigeni. Nimezaliwa na kukulia Njombe, huku nimehamia mwaka huu. Siku za kazi hatupumui, maana jioni yetu ndiyo saa ambayo makao makuu wanataka mikutano ya mtandaoni. Kwa hiyo Jumamosi tunachanga, tunakodi boti na kwenda kuogelea Ziwa Victoria. Wiki nne zilizopita tuliogelea karibu na kisiwa, mbali kidogo na ufuko. Bosi wetu, Mholanzi, aligawa vidonge vya Praziquantel vya miligramu 600, viwili kwa kila mtu, tukavimeza usiku uleule kama kijitabu cha kampuni kinavyowaelekeza wageni. Sasa napata homa kila jioni, kikohozi kikavu, vipele vinavyotokea na kupotea, na tumbo linauma. Duka la dawa walinipa mseto wa malaria, halafu wakasema ni taifodi wakanichoma sindano. Choo kimepimwa, hakuna mayai ya kichocho. Wenzangu wa huku wananicheka, wanasema wao wanaoga ziwani tangu utoto na hawajawahi kuugua hivyo. Nina kilo 68. Inawezekana ni kichocho wakati nilishameza dawa? Nirudie dozi?

JIBU: Marahaba, dada. Inawezekana, tena kwa maelezo yako ndicho ninachokifikiria mara tu malaria ikishaondolewa. Na iondolewe kwa kipimo, si kwa kukisia. Hapa Kanda ya Ziwa homa ni malaria hadi kipimo kikatae, hata kama mseto umeshaumaliza.

Dozi usirudie leo. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niseme kuhusu hicho kijitabu, kwa sababu si cha kampuni yenu peke yenu. Nimeshaviona vya migodini, vya mashirika ya misaada, vya kampuni za ujenzi, na vyote ni kama vimenakiliana: ogelea, jifute, meza vidonge kabla ya kulala. Wageni wanafika zahanati na bahasha za Praziquantel kwenye begi kama mtu aliyebeba pipi, wakiamini wana kinga. Praziquantel haikingi. Haijawahi kukinga mtu yeyote.

Kimelea cha kichocho kikitoka kwenye konokono kinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Kikishaingia kinasafiri na damu, kinapita kwenye mapafu, kinafika kwenye mishipa ya ini, na huko ndiko kinakokulia. Inachukua wiki tano au sita minyoo hiyo ipevuke, dume na jike vishikane na kuanza kutaga. Praziquantel inaua minyoo iliyopevuka. Hii michanga, ya wiki mbili, tatu au nne, inaiacha karibu yote ikiwa hai. Tena dawa yenyewe haikai mwilini: ndani ya siku moja sehemu kubwa imeshatoka. Kwa hiyo ulipomeza usiku uleule, dawa iliingia ikakuta minyoo ambayo haiwezi kuiua, ikatoka, na minyoo ikaendelea kukua kwa raha zake. Ni kama kupalilia shamba siku ya kupanda ukadhani magugu ya mwezi ujao umeyamaliza.

Na hata wakati ungekuwa sahihi, vidonge viwili havikutoshi. Dozi ya kichocho cha ziwani ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 68 hiyo ni vidonge vinne na nusu, unavimeza ukiwa umekula. Huyo aliyegawa viwiliviwili kwa boti nzima hakupima mtu.

Nadhani najua imani hii imetoka wapi. Watoto wa shule huku ziwani wanapewa Praziquantel kwa kampeni, wanasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu na kuhesabiwa vidonge. Ukiona darasa zima linamezeshwa kwa pamoja, ni rahisi kudhani ni chanjo. Lakini wale wanatibiwa minyoo waliyonayo tayari, ili isirundikane ikawaharibu ini. Wakirudi majini kesho wanaambukizwa upya, ndiyo maana kampeni inarudiwa.

Sasa hali yako. Homa ya jioni, kikohozi kikavu, vipele vinavyohamahama na tumbo, wiki chache baada ya kuoga ziwani, kwa mtu asiyekulia kwenye maji haya: sisi tunaiita homa ya Katayama. Ni mwili unaopambana na minyoo michanga na mayai ya kwanza. Wenzako wanaokucheka hawadanganyi kwamba hawakupata homa hiyo. Waliokulia kando ya ziwa huipata kwa nadra, kwa sababu miili yao imezoeana na kimelea tangu utotoni. Hiyo haina maana kwamba hawana minyoo. Waambie wapime, halafu muone nani atacheka.

Choo chako kutoonyesha mayai hakunishangazi hata kidogo. Minyoo ambayo haijaanza kutaga itatoa mayai gani? Kipimo cha choo kinaanza kuwa na maana kuanzia wiki ya sita hivi, na hata hapo kirudiwe kwa siku tofauti, kwa sababu mayai yakiwa machache yanapita bila kuonekana. Unachohitaji wiki hii ni daktari wa magonjwa ya ndani, kipimo kamili cha damu kinachohesabu chembe nyeupe za aina ya eosinofili (huongezeka mwili ukipambana na minyoo), kipimo cha malaria, na kusikilizwa kifua. Eosinofili zikiwa juu sana, na ukamwambia daktari bila kuficha kwamba uliogelea na lini, mambo mengi yatajieleza. Usione haya kusema ulikwenda kuburudika. Wagonjwa wengi wa maofisini wanataja safari zote za kikazi na kusahau Jumamosi.

Kwa nini usirudie dozi leo: kuimeza katikati ya homa hii kunaweza kuizidisha, na bado minyoo michanga itabaki. Mara nyingi daktari hutuliza kwanza huo mpambano wa mwili, wakati mwingine kwa dawa za jamii ya predinisoloni, kisha Praziquantel kamili ikatolewa minyoo ikishapevuka, wiki nane hivi tangu mara ya mwisho kugusa maji. Ukiingia tena ziwani, hesabu inaanza upya. Hiyo predinisoloni usikubali kuuziwa dirishani. Na miguu ikianza kuwa mizito, kufa ganzi, au mkojo ukakataa kutoka, usisubiri asubuhi: nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Mayai yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo, na kila saa inayopotea ina gharama.

Kuhusu taifodi sisemi mengi. Kipimo cha tone moja la damu kinachokupa jibu la taifodi dukani kinampa karibu kila mtu jibu hilo. Na duka la dawa si mahali pa kuchomwa sindano.

Lakini msiishie kumlaumu bosi. Nasikia mengine kila wiki kutoka kwa Watanzania wenzetu. Kwamba kichocho ni kukojoa damu, hivyo asiyekojoa damu yuko salama. Hicho ni kichocho cha kibofu, ambacho kwetu kinatoka zaidi kwenye madimbwi na malambo yaliyo mbali na ziwa. Cha ziwani kinashambulia utumbo na ini, kimya kimya, kwa miaka, na mtu anakuja kushtuka anapotapika damu. Visiwani Ukerewe na Ukara wanaijua habari hii. Kwamba maji ya kina ni salama: ziwa hili lina konokono wanaoishi chini kwenye kina pia, na vimelea vinaelea na mkondo. Kwamba ufuko wa mchanga mweupe usio na majani hauna kitu. Kwamba ukijifuta haraka kwa taulo umepona. Taulo ni afadhali kuliko kutojifuta, ila usijenge afya yako juu yake. Na wale wa spika za stendi wanaouza chupa ya kusafisha ini na kuondoa minyoo yote kwa siku saba: hakuna mti walionao unaomfikia mnyoo aliyejishikiza ndani ya mshipa wa damu. Wanachosafisha ni pochi.

Kampuni inayotaka wafanyakazi wake wapumzike, iwalipie bwawa la kuogelea lenye klorini, Mwanza yapo. Boti pandeni, samaki kuleni, kaeni juu ya mawe mkitazama jua likizama, ilimradi maji ya ziwa yasiwaguse. Aliyekwisha kuingia apimwe miezi miwili au mitatu baadaye, awe na dalili au asiwe nazo, na kampuni ilipie. Bosi wako naye akirudi kwao asiseme tu kwamba alikuwa Afrika. Amwambie daktari wake kwamba aliogelea Ziwa Victoria, ataje tarehe, na aombe kipimo cha damu cha kingamwili za kichocho, maana choo peke yake kinaweza kumdanganya.