Mustang ya 1967 iliyopauka: isipakwe upya kwa haraka

Ndugu, umeuliza kama Ford Mustang yako ya mwaka 1967, ambayo wekundu wake umepauka kwa jua la Lubumbashi, ipakwe rangi upya. Nakusihi usiharakishe, kwa sababu rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi tena.

Magari ya miaka hiyo yalipakwa rangi isiyofunikwa kwa vanishi, hivyo kilichopauka ni ngozi ya juu tu, na mara nyingi chini yake rangi ingali hai. Lioshe kwanza kwa maji mengi na sabuni laini, kwani vumbi jekundu la kiangazi likibaki litachora mikwaruzo. Kisha, kivulini, sugua sehemu ndogo iliyojificha kwa krimu laini ya kung'arisha na kitambaa cheupe. Kitambaa kikigeuka chekundu, hiyo ndiyo rangi ya tabaka moja, isiyo na vanishi juu yake, ninayoizungumzia. Endelea kwa mkono, taratibu, ukiepuka kingo na mikunjo ya bati, ambako rangi ni nyembamba zaidi, na ukiona rangi ya msingi, ile iliyopakwa kwanza juu ya bati, inachungulia, acha papo hapo. Ukimaliza, paka nta.

Palipopasuka au penye kutu hapaponi kwa kusugua; hapo mwite fundi wa rangi.