Kodi ndogo, daftari safi: niliyojifunza kibandani Busia

Mwaka 2018 nilikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu hapa Busia ya Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Tarehe 1 Julai ikaanza kodi ya asilimia 1 kwenye kuweka, kutuma na kutoa. Pesa ileile ilikatwa kila ilipogeuka. Haikuchukua hata wiki mbili, akina mama wauza samaki waliokuwa wateja wangu wa kila siku wakarudia kufunga noti kwenye kanga. Floti yangu, yaani mtaji wa kuhudumia wateja, ikalala. Kabla mwaka haujaisha Bunge likaishusha hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa tu, na foleni ikaanza kurudi.

Tangu hapo nasema bila kusita: kodi ikiwa ndogo na inaeleweka, watu hulipa, ikiwa nzito, hutafuta njia ya panya. Marehemu baba aliyaona zaidi yangu. Zama za Rais Idi Amin, miaka ya 1970, serikali ilipanga bei ya sukari, chumvi na sabuni, vitu vikatoweka madukani, na magendo yakawa ndiyo soko lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya fedha za kigeni na ya kahawa zikafunguliwa kwa watu binafsi, na bidhaa zikaonekana tena.

Serikali naitaka: barabara, polisi, mahakama. Lakini mwaka 1986 tulikuwa na wilaya 33, leo zimepita 130, na kila moja ina ofisi, magari na posho. Gharama hiyo inatoka kwenye faida ya muuza nyanya, na inaniuma.

Sasa wewe unayeanza duka, shika daftari. Hili ndilo ninalowasisitizia vijana kuliko yote. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10 za Uganda halipi kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya milioni 20 asiye na kumbukumbu za daftari hulipa 80,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10, yaani 40,000. Ukifika milioni 35 uko ngazi nyingine ya kodi: bila daftari ni 200,000, na ukiwa nalo ni 105,000. Mimi nililipa kile kiwango cha juu miaka miwili kwa uvivu wa kuandika. Andika mauzo jioni ileile, tunza risiti za mzigo, na pesa ya kodi iweke kando kila mwezi usiichanganye na mtaji.

Na kama kodi fulani inakuumiza, usingoje bajeti isomwe Juni. Miswada ya kodi hufika Bungeni mapema zaidi, kufikia Aprili, na hupitishwa Mei. Kusanyeni wenzenu wa sokoni Machi, mwendeeni mbunge na madaftari yenu mkononi, mumwonyeshe mstari kwa mstari mauzo yalivyoshuka.