Vijana 12, siku moja: wapeleke Kolo

Ndugu, nimekuelewa: wageni 12 kutoka Ujerumani, wote vijana, una siku moja tu nao na hutaki iishie kuzunguka Dodoma mjini. Wapeleke Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ondokeni alfajiri, lami ipo. Pale Kolo mpitie kwanza ofisi ya kituo mpewe mwongozaji.

Kundi nililopeleka mimi, kijana mmoja alimwagia mchoro maji ili ule wekundu ung'ae pichani. Niliumia sana. Waonye ndani ya gari: hakuna kugusa, hakuna maji. Mongomi, mojawapo ya maeneo yenye michoro hiyo, mnapanda kwa miguu, na wenyeji bado hufanyia matambiko pale, kwa hiyo sauti chini. Mwenye pumu awe na dawa mfukoni. Anayeumwa moyo amuulize daktari kwanza.