Kiboksi cha makofi na vicheko

SWALI: Shikamoo kaka. Nimekuwa nikitengeneza biti kwa simu, sasa nimedunduliza milioni moja na nusu. Laptopu ninayo, ya mtumba. Kuna duka hapa Morogoro wananiuzia "studio kamili" kwa laki sita: maiki, stendi, waya na kiboksi cha kuchanganyia sauti. Niichukue? Naimba mwenyewe, na nimepanga chumba kimoja, juu bati tupu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hebu niambie, hicho kiboksi kina vitufe vya makofi na vicheko? Kama vipo, waachie wenyewe. Vile ni vya wanaouza nguo mubashara mtandaoni. Ukirekodi nacho utasikia mvumo nyuma ya sauti, utadhani umeimbia karibu na friji.

Tafuta intafesi hasa, kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta. Unaimba peke yako, kwa hiyo Focusrite Scarlett Solo ya mtumba inakutosha. Ila usitoe hela kabla hujaichomeka kwenye laptopu yako wewe, si ya muuzaji. Nenda na hedifoni, na uazime maiki ya kondensa, maana hiyo haifanyi kazi bila umeme wa volti 48: ukibonyeza 48V na maiki ikabaki bubu, ondoka. Zungusha kila kifundo taratibu, sikiliza kama kinakwaruza. Tikisatikisa waya kwenye tundu lake. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Kondensa yenyewe ukishapimia irudishe kwa mwenyewe. Chini ya bati itakunasia mpaka jogoo wa jirani. Wewe nunua maiki ya dainamiki, isiyonasa sana sauti za mbali, kama Shure SM58, inayotengenezwa tangu 1966. Feki zimejaa, lakini ya kweli ina gramu 298 bila waya, na mizani ya dijitali haikosekani mtaani.

Spika usinunue kwanza. Mimi nilianza na spika kubwa mbili, nikazibana kwenye kona za chumba. Kona inavimbisha besi, nami bila kujua nikawa naipunguza kila siku. Wimbo ukaja kupigwa kwenye daladala la Mbagala, besi hamna, kama unatoka kwenye kopo. Msanii mwenyewe alikuwa kakaa ubavuni kwangu. Hakusema neno mpaka tunashuka.

Chukua hedifoni za waya zinazofunika sikio zima. Za bluututhi zinachelewesha sauti, utaimba nyuma ya biti. Godoro lisimamishe nyuma ya mgongo wako, kwa sababu maiki inatazama huko.

Kujifunza: shika programu moja ya kutengenezea muziki. FL Studio ya majaribio inahifadhi kazi lakini haikufungulii tena mpaka ulipie. REAPER inakupa siku 60 ukiwa na kila kitu. Kila jioni ingiza wimbo unaoupenda, jenga ngoma zake juu yake, kiki (pigo la ngoma nzito) kwa kiki, kisha uuzime usikie umekosea wapi. Wakati wa kuimba, sauti yako ikichelewa masikioni, shusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, hadi 128. Ukianza kuchanganya ipandishe 512, la sivyo laptopu ya mtumba itakatakata.

Chenji iwe ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Na masika yakianza, vokali karekodie kwa rafiki mwenye dari.