Pawa saplai mbili, UPS moja, na seva imezima: nimekosea wapi?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mimi ni IT wa SACCOS moja hapa Morogoro, niko peke yangu. Tumenunua seva ya raki (lile kabati la chuma la vifaa) ya mtumba, Dell PowerEdge R740, ina pawa saplai mbili za wati 750. Zote mbili nimezichomeka kwenye UPS (lile boksi lenye betri) ya 1500VA ili umeme ukikatika tusizime. Juzi UPS yenyewe imepiga kelele ikazima, seva nayo ikaenda, na umeme wa TANESCO ulikuwepo kabisa! Sasa hiyo pawa saplai ya pili kazi yake nini? Halafu nyuma ya raki waya zimekuwa kama kiota, nianzie wapi kuzipanga?

JIBU: Pole mkuu. Hilo nimelikuta sehemu nyingi na hata mimi seva yangu ya kwanza niliifunga hivyohivyo, maana akili inakwambia UPS ndo usalama kwa hiyo kila kitu kiende huko. Ila UPS nayo ni kifaa tu, betri inachoka, breka yake inaruka, au mtu anachomoa plagi yake ukutani apate pa kuchomeka birika la chai (imenitokea, wala sitanii).

Fanya hivi. Weka kidole kwenye pawa saplai ya kwanza, fuata waya wake mpaka kwenye DB (boksi la breka) ya jengo, kisha rudi ufuate wa pili. Pale njia mbili zinapokutana ndo pakifa seva inakufa. Kwako zimekutana kwenye UPS. Kuna wengine wana UPS mbili safi kabisa lakini zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja yenye plagi ya ampia 13, fyuzi ya ile plagi ikiungua UPS zote zinaingia kwenye betri na baada ya dakika chache kimya.

Kwa vile una UPS moja, pawa saplai namba 1 (uite upande A) iache kwenye UPS, namba 2 (upande B) ipeleke kwenye soketi ya ukutani yenye breka yake tofauti, ila ipitie AVR (kifaa cha kusawazisha volti) au kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, usiichomeke mbichi, umeme wetu unavyorudi kwa kishindo unaujua. Hapo umeme ukikatika UPS inabeba, UPS ikifa ukuta unabeba. Mwakani bosi akikubali UPS ya pili unaiweka upande huo wa B.

Sasa hesabu, hapa ndo watu wanaumia. 1500VA siyo wati 1500, geuza UPS uangalie nyuma imeandikwa wati ngapi, za bei rahisi nyingi ni kama 900 tu. Halafu ile 750 kwenye pawa saplai ni uwezo wake wa juu, siyo kinacholiwa. Matumizi halisi ya sasa hivi utayaona ndani ya iDRAC (mfumo wa Dell wa kuisimamia seva kupitia netiweki). Tuseme unakuta wati 400, gawa kwa volti 230 unapata ampia 1.7 hivi, kila upande unabeba karibu nusu. Cha kukumbuka ni kwamba upande mmoja ukifa ule mwingine unabeba ZOTE kwa mara moja, kwa hiyo kila upande upange kana kwamba uko peke yake. Nimeona raki ina ampia 6 upande A na 6 upande B, breka za ampia 10 kila upande, kila mtu anaona bado kuna nafasi, siku A imekatika B ikapandishwa mpaka 12, breka ikaruka, raki nzima giza. Pawa saplai zote zilikuwa nzima!

Na hizo pawa saplai mbili ziwe na wati zilezile, usije ukachanganya ya 495 na ya 750 kisa umeipata rahisi, seva italalamika na redandansi (moja ikifa nyingine ibebe) huna. Kama kwenye iDRAC unaona moja inabeba karibu mzigo wote usiogope, kuna seting ya kuilaza moja kupunguza umeme, ikihitajika inaamka yenyewe.

Waya: R740 yenye 750 inatumia C13, ule wa kawaida wa kompyuta. Usichukue ule mwembamba uliokuja na monita fulani, angalia umeandikwa ampia 10. Umeme pitisha upande mmoja wa raki, waya za netiweki upande wa pili. A weka tepu nyekundu, B ya bluu, na lebo iwe ncha zote mbili, siyo nyuma ya seva tu, maana siku utakayokosea kuchomoa utakuwa uko upande wa ukutani. Funga kwa velkro, achana na zile tai za plastiki, kila ukibadilisha waya utazikata na siku moja mkasi utakata kisichotakiwa. Acha waya ulegee kiasi seva ikivutwa mbele kwenye reli isijichomoe yenyewe. Ethi (waya wa ardhini) usiipuuze, raki yenyewe ifungwe ethi, na kama ukigusa chuma unasikia kama mchwa wanatembea mkononi muite fundi umeme kwanza.

Ukimaliza jaribu. Jumamosi, bakapu imeshafanyika, watu wameenda nyumbani. Seva ikiwa inawaka chomoa A, hesabu dakika tano, angalia taa ya pawa saplai iliyobaki iwe kijani na seva isitikisike, rudisha A, subiri taa yake iwe kijani, ndo uchomoe B. Baadaye zima breka ya DB kabisa uone UPS inadumu dakika ngapi, na uunganishe ule waya wake wa USB ili ikikaribia kuishiwa chaji seva ijizime kistaarabu. Kwenye BIOS (seting za msingi za seva) kuna sehemu ya kuchagua umeme ukirudi seva iwake yenyewe au isubiri, mimi naweka iwake baada ya kuchelewa kidogo ili umeme utulie kwanza.