Je, ni kosa kuwafundisha wanafunzi mauaji ya Wayahudi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Nilipofundisha jinsi Wanazi (chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani) walivyowaua Wayahudi, baadhi ya wazazi walilalamika: hao si watu wetu, bora nifundishe yanayowapata Wapalestina. Je, nina kosa kidini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Huna kosa.

Jeneza lilimpitia Mtume (s.a.w.), akasimama. Akaambiwa, "Ni la Myahudi." Akasema, "Kwani si nafsi?" (Bukhari na Muslim). Huyo ni mmoja tu. Hadi 1945 Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, wachanga wakiwemo.

Uchungu wa wazazi kwa Palestina ni wangu pia. Lakini Allah anatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuchukiana na watu (al-Maida, 8). Mtoto wa Gaza hapati haki yake kwa kufichwa mtoto wa Kiyahudi wa Warszawa, Poland.

Nakushauri usianzie kwenye kambi walikouawa, anza na majirani zao. Novemba 1938 masinagogi (nyumba za ibada za Wayahudi) yalipochomwa Ujerumani, wazima moto waliamriwa walinde nyumba za jirani tu. Baadaye Wayahudi waliposafirishwa kwa nguvu kupelekwa kambini, vyombo vyao vilinadiwa hadharani, na watu wakaenda kununua. Hadithi inatuamuru tuondoe ovu kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo, na hiyo ya moyo ndiyo imani dhaifu kabisa. Aliyenunua kitanda cha jirani yake mnadani hata hiyo dhaifu anaidai vipi? Waulize wanafunzi swali hilo, uwaache wabishane. Kisha wasimulie Waislamu wa Albania waliowaficha Wayahudi majumbani mwao.

Na hao wanaosema "si watu wetu", waambie habari za Bayume Mohamed Husen, Muislamu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kufundisha Kiswahili Berlin. Wanazi walimkamata 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani. (Uhusiano huo siutetei, ila hakufungwa kwa sheria ya Mungu, alifungwa kwa rangi yake.) Alifia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi karibu na Berlin, mwaka 1944.

Tahadhari moja: picha za maiti walio uchi usiwaonyeshe. Maiti ana heshima yake, na historia inafundishika bila kumvunjia.

Wallahu aalam.